Kahawa ya uyoga na afya ya tumbo

Kahawa ya uyoga ni kahawa ya kawaida iliyochanganywa na unga wa uyoga wa tiba, hasa reishi, chaga na Hericium. Uyoga hukaushwa na kuchemshwa, kisha supu yake hukaushwa hadi ibaki unga laini unaoyeyuka kikombeni. Reishi imetumika katika tiba ya Kichina kwa karne nyingi. Chaga, kuvu nyeusi ngumu inayoota kwenye miti ya betula katika nchi za baridi, ilinywewa Finland wakati wa Vita Kuu ya Pili, kahawa ilipoadimika.

Wengi wanaoihamia husema kiungulia kimepungua. Sababu ya kwanza iko kwenye kahawa yenyewe: huchochea tumbo kumwaga asidi na utumbo mpana kujikaza. Mchanganyiko huu kwa kawaida huwa na kahawa kidogo, hivyo kafeini hupungua. Nafuu hiyo yaweza kupatikana hata bila uyoga, kwa kupunguza kahawa tu, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo.

Uyoga nao una lake. Kuta za seli zake zina beta-glukani, nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuzivunja. Hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na bakteria wa huko huzichachusha na kutoa asidi zinazolisha seli za ukuta wa utumbo. Hata hivyo, ushahidi kwamba Hericium hulinda tumbo dhidi ya vidonda umetokana zaidi na panya wa maabara, na kikombe kimoja hubeba unga kidogo sana. Baadhi ya unga husagwa pamoja na nafaka iliyooteshewa uyoga, ukajaa wanga kuliko beta-glukani.

Tahadhari kubwa ni kwa chaga, yenye oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kudhuru figo. Mwaka 2014 madaktari wa Japani waliripoti mgonjwa wa miaka 72 aliyekula vijiko vidogo 4 hadi 5 vya unga wa chaga kila siku kwa miezi 6. Figo zake zilishindwa kazi. Reishi yaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kiungulia kisichokoma, choo cheusi au anayekonda bila sababu aende hospitali apimwe: vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, ambaye huondolewa kwa antibiotiki.