Kupandikiza Jeni: Kitenzi na Mahali pa Kutua

Kitenzi "kupandikiza" kimekwisha kuzoeleka katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo jeni. Hata hivyo kina upungufu ambao makala haya yanakusudia kuuonyesha. Mkulima apandikizaye miche ya mpunga huchagua shimo. Hata yule wa Ubundu, asiyehamisha miche bali atiaye mbegu moja kwa moja katika shamba lililofyekwa msituni, ndiye aamuaye mahali. Mtaalamu apandikizaye jeni, kwa muda mrefu, hakuwa na uamuzi huo.

Mpunga ulienezwa Ubundu na Kisangani katika karne ya 19 na Waungwana, watu wa misafara ya akina Tippu Tip. Lugha yetu na zao hilo vilifika huko kwa njia moja. Seti ya kromosomu 12 za mpunga ina herufi za DNA takriban milioni 390, na mpangilio wake ulichapishwa mwaka 2005. Jeni ngeni hutua wapi humo?

Njia ya kwanza ni kufyatulia seli chembe ndogo za metali zilizopakwa DNA. Mara nyingi jeni hufika ikiwa imekatika au imejirudia. Mahindi ya MON810, yaliyojaribiwa Kenya na Uganda, yalipatikana hivyo, na jeni yake ilipoteza sehemu ya mkia. Njia ya pili hutumia bakteria aitwaye Agrobakteria. Wengi walidhani kwamba hawezi kuingiza jeni katika nafaka kwa urahisi, hadi Wajapani walipofanikiwa vizuri kwa mpunga mwaka 1994. DNA yake hujishikiza pale ambapo uzi wa DNA ya mmea umekatika na seli inaushona upya.

Maelfu ya mimea ya mpunga ilipochunguzwa, ilionekana kwamba jeni hupendelea maeneo yenye jeni nyingi. Je, hupendelea kweli? Watafiti huteua seli kwa dawa, na zile ambazo jeni imetua mahali palipofungika hufa kwa kuwa jeni ya kinga haifanyi kazi. Mwaka 2007 uchunguzi wa mmea wa Arabidopsis, uliofanywa bila uteuzi huo, ulikuta kwamba jeni hutua karibu popote. Kwa maoni yetu, hoja hii ndiyo nzito kuliko zote: tulichokiita upendeleo kwa kiasi kikubwa ni kivuli cha chujio letu wenyewe.

Mahali pakiwa pabaya, hasara humfikia mkulima. Mpunga wa Dhahabu, uliokusudiwa kuongeza vitamini A, ulikuwa na toleo GR2-R1. Lilipochanganywa na mbegu ya Swarna huko India, mimea ilidumaa, majani yakapauka na mavuno yakapungua. Mwaka 2017 ilielezwa kwamba jeni ilikuwa imetua ndani ya OsAux1, jeni ya mpunga wenyewe ihusikayo na homoni ya ukuaji. Jeni ngeni haikuwa na ubaya. Ilikalia kiti cha mwenyeji. Ndiyo sababu wataalamu hupima kila "tukio" peke yake, kwa kusoma herufi zilizo pande zote mbili za jeni iliyoingia.

Mwaka 2020 watafiti wa California walitumia mkasi wa CRISPR kuingiza jeni za karotini katika mpunga, mahali walipopachagua kabla na kuhakikisha kwamba hapadhuru mmea. Kwa kazi hiyo, neno "kupandikiza" linafaa. Kwa zilizotangulia, tungependekeza "kupenyeza".