Goti Lililoumia, Miaka Kumi Baadaye

Mwaka 1998 mtafiti wa Sweden, Ewa Roos, na wenzake walichapisha dodoso la maswali 42 ambalo mtu aliyeumia goti hulijaza mwenyewe. Linaitwa KOOS, na hadi leo watafiti wengi duniani hulitumia kupima maisha ya mgonjwa baada ya miaka mingi. Maswali yake yako katika mafungu matano: maumivu, dalili nyingine, shughuli za kila siku, michezo na burudani, na ubora wa maisha. Mtu akilisoma akiwa Ukunda au Msambweni, katika kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, fungu la nne litamshangaza. Kuchuchumaa na kupiga magoti vimewekwa humo, pamoja na kukimbia na kuruka.

Kwale hakuna anayechuchumaa kwa burudani. Watu huchuchumaa chooni na shambani wakati wa palizi. Mama anayekuna nazi hukaa juu ya mbuzi, chini kabisa, mapaja yamepanuka na magoti yamekunjwa. Mgema hupanda mnazi kwa nguvu za mapaja na magoti yake, asubuhi na jioni, kibuyu kiunoni. Na Mwislamu anayetimiza faradhi zake tano huswali rakaa 17 kwa siku, yaani sijda 34, mbali na vikao vya tahiyatu ambapo goti hukunjwa karibu mpaka mwisho. Kutembea tu kwenye tambarare huhitaji goti likunjwe kiasi cha nyuzi 60. Kukaa tahiyatu huhitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo goti ambalo daktari wa Ulaya angesema limepona vizuri, limebakisha tu shida kidogo ya michezo, huku kwetu linaweza kuwa goti lililomnyima mtu mkeka wa kuswalia, jiko na riziki.

Jeraha ninalolizungumzia ni la kukatika ligamenti msalaba ya mbele. Katikati ya goti kuna ligamenti mbili zilizopishana, yaani kamba ngumu zinazounganisha mifupa. Hiyo ya mbele ina urefu wa kama sentimita tatu, na kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na usizunguke kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa na mwenzake: mchezaji anakimbia, anakata kona ghafla, mguu umekwama chini, mwili unageuka na goti linabaki. Wengi husikia mlio ndani ya goti. Baada ya saa chache goti limevimba kwa sababu limejaa damu. Ajali za bodaboda nazo hukata ligamenti za goti, na mara nyingi hukata zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Kinachofuata nyumbani kinajulikana. Goti linakandwa kwa mafuta na maji ya moto, uvimbe unashuka baada ya wiki kadhaa, mtu anatembea, watu wanasema amepona. Eksirei nayo haisaidii sana, kwa kuwa huonyesha mifupa na haionyeshi ligamenti. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aliyezoea anaweza kulitambua jeraha hilo kwa mikono yake tu: analikunja goti kidogo, anaushika mfupa wa muundi na kuuvuta mbele, kisha analinganisha na mguu mzima. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na kinaweza kufanyiwa mtu Msambweni au Kinango bila safari ya kwenda hospitali ya mbali. Ninasisitiza hili kwa sababu hatari kubwa iko katika miezi ya mwanzo. Goti lisilo na ligamenti hiyo huachia ghafla, na kila likiachia linaweza kusaga na kuchana vipande viwili vya gegedu vinavyobeba uzito kati ya mifupa. Gegedu likishachanika, hapo ndipo miaka ya mbele inapoharibika.

Je, kila aliyekatika apasuliwe? Hapa sayansi imeleta habari ambayo kwa kaunti kama Kwale ina uzito mkubwa. Watafiti wa Sweden wakiongozwa na Richard Frobell waliwachukua vijana 121 wa miaka 18 hadi 35, wapenda michezo wote, waliokatika ligamenti hiyo. Nusu walipasuliwa mapema kisha wakafanya mazoezi ya tiba. Nusu nyingine walianza na mazoezi, na upasuaji ukabaki akiba kwa atakayeuhitaji. Matokeo ya miaka miwili yalitoka mwaka 2010, ya miaka mitano mwaka 2013: hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika maumivu, utendaji wala ubora wa maisha. Karibu nusu ya walioambiwa wasubiri waliishia kupasuliwa, nusu hawakuhitaji kabisa. Mwaka 2022 picha za MRI za vijana wale wale zilichambuliwa upya na Stephanie Filbay na wenzake, na miongoni mwa 30 ambao hawakuwa wamepasuliwa ndani ya miaka miwili, 16 walionyesha dalili za ligamenti kuungana yenyewe. Kwa miaka mingi wanafunzi wa tiba walifundishwa kwamba jambo hilo haliwezekani.

Sisemi upasuaji hauna maana. Goti lililokwama lisilonyooka, au linaloachia mara kwa mara hata baada ya mazoezi ya kweli, linahitaji mpasuaji. Ila mazoezi ndiyo tiba ya kwanza kwa wote, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa, na hayadai jumba la vyuma. Kwanza goti linyooke lote. Kisha misuli ya mbele ya paja ifufuliwe, maana hunyauka upesi mno: kukaza paja umelala, kuegemea ukuta na kushuka kidogo, kupanda na kushuka kizingiti kwa mguu ulioumia, kusimama kwa mguu mmoja. Kadiri nguvu zinavyorudi, uzito na kasi huongezwa. Utafiti uliofanywa Norway na Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kati ya waliopasuliwa, kila mwezi mtu alioahirisha kurudi uwanjani, hadi kufikia miezi tisa, ulipunguza kwa karibu nusu hatari ya kuumia tena. Mchezaji anayerudishwa baada ya miezi minne kwa sababu timu ina fainali anaibiwa magoti yake.

Kwa atakayepasuliwa, kuna swali ambalo nadhani kila mgonjwa wa pwani ya kusini anastahili kuulizwa kabla hajapigwa sindano ya ganzi: unaswalije, na unafanya kazi gani? Mpasuaji hutengeneza ligamenti mpya kwa kano anayoikata kwingine mwilini mwa mgonjwa. Akiichukua chini ya pia ya goti, kano huwa madhubuti, lakini maumivu ya kupiga magoti huwa mengi zaidi baadaye kuliko akiichukua nyuma ya paja. Kwa mchezaji asiyepiga magoti jambo hilo ni dogo. Kwa mtu wa sijda 34 kwa siku, si dogo hata kidogo. Dini imemruhusu mgonjwa kuswali juu ya kiti, na hilo ni faraja, lakini imam au mwalimu wa madrasa wa miaka 28 anayeweza kuepushwa na kiti hicho kwa uamuzi wa dakika moja ana haki ya kuelezwa.

Baada ya miaka mingi hali huwaje? Wanawake waliocheza soka Sweden walichunguzwa miaka 12 baada ya kuumia, wakiwa na wastani wa miaka 31 tu. Kati ya 67 waliopigwa eksirei, 34 walikuwa tayari na ostioathraitisi, kulika kwa gegedu tunakokuhusisha na mabibi zetu. Robo tatu ya waliojibu walisema goti linapunguza ubora wa maisha yao, wawe walipasuliwa au la. Ndiyo maana kuendelea na mazoezi ya mapaja na kuuchunga uzito wa mwili si mambo ya mwaka wa kwanza peke yake.

Na wanawake hao wa Sweden ndio ninaowakumbuka ninapowafikiria wasichana wa Kwale. Wanawake hukatika ligamenti hii mara mbili au tatu zaidi ya wanaume katika michezo hiyo hiyo, na soka ya wasichana pwani imekua tangu shirika la Moving the Goalposts lianze kazi Kilifi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Norway ilifanya jaribio kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, likachapishwa mwaka 2008: waliotumia programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ walipata majeraha mabaya karibu nusu ya wenzao. Programu yote ni dakika 20: mbio dakika 8, nguvu na mizani na kuruka dakika 10, mbio tena dakika 2. Wakati wa kuruka, kocha asimame mbele ya wachezaji na kuangalia magoti wanapotua. Yakiingia ndani kuelekeana, msichana huyo aruke tena, taratibu, goti likifuata mstari wa vidole vya mguu, kabla hajaingia mchezoni.