Usingizi wa Mjamzito: Kabla ya Kununua Kidonge

Mjamzito aliyekesha siku kadhaa mfululizo hushawishika kwa urahisi kwenda duka la dawa kuomba kidonge cha usingizi. Kabla ya kutoa fedha yake, yampasa aelewe kwanza kinachomnyima usingizi, kwa kuwa mara nyingi sababu hiyo haiondolewi na kidonge.

Katika miezi mitatu ya kwanza, homoni za ujauzito humfanya mama asinzie mchana, ilhali usiku huamshwa na haja ndogo, maana figo zake huchuja damu nyingi kuliko kawaida. Anywe maji ya kutosha mchana na apunguze jioni, bila kujinyima kabisa. Kiungulia nacho hupungua chakula cha usiku kikiliwa mapema, na kichwa na mabega vikiinuliwa kwa mito.

Chai isisahauliwe. Kikombe kimoja huwa na takriban miligramu 40 hadi 50 za kafeini, na cha kahawa chaweza kufika 100. Shirika la Afya Duniani humshauri mjamzito anayezidisha miligramu 300 kwa siku apunguze. Tena, chai inayonywewa pamoja na vidonge vya madini ya chuma huyazuia madini hayo yasifyonzwe vizuri mwilini. Na upungufu wake ni mojawapo ya sababu za miguu kukosa utulivu usiku.

Jambo zito zaidi ni mlalo. Kuanzia wiki ya 28, mama alalapo chali, mfuko wa uzazi hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Tafiti zilizofanywa New Zealand, Australia na Uingereza zimeonyesha kuwa uwezekano wa mtoto kufia tumboni katika kipindi hicho ni mkubwa zaidi, takriban mara mbili na nusu, kwa mama anayeanza usingizi wake akiwa chali. Basi alale kwa ubavu. Wengi wameambiwa ni ubavu wa kushoto pekee, lakini wa kulia pia unafaa. Akizinduka na kujikuta chali asiingiwe na hofu. Ageuke tu, aendelee kulala. Wala hapana haja ya kununua mto wa bei kubwa unaotangazwa kuwa wa wajawazito: khanga mbili zilizoviringishwa na kuwekwa nyuma ya mgongo hutosha.

Kuhusu dawa, diazepamu na nyingine za jamii yake hutolewa kwa cheti cha daktari, na muuzaji anayezitoa bila cheti anavunja utaratibu. Zikitumiwa katika miezi ya mwisho, mtoto aweza kuzaliwa akiwa mlegevu, akashindwa kunyonya au kupumua vizuri. Aliyekwisha kuandikiwa dawa hizo asiziache ghafla, bali amweleze daktari wake kuwa ni mjamzito. Anayekoseshwa usingizi na maumivu ya mgongo naye ajihadhari: kuanzia wiki ya 20, ibuprofeni na diklofenaki zaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, kwa hiyo zisitumiwe bila agizo la daktari. Na neno “asilia” kwenye chupa ya mitishamba si uthibitisho wa usalama. Mnunuzi atazame namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha aipeleke chupa yenyewe kliniki aulize kabla ya kuionja.

Zipo pia dalili zinazovuruga usingizi ambazo hazistahili kuvumiliwa: maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu au kuvimba uso, mwasho mkali wa viganja na nyayo unaozidi usiku, na kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya bila kupitia duka la dawa. Mtoto akipunguza kucheza, aende usiku huohuo.