Misimu Minne ya Skenes: Hesabu ya Pittsburgh Pirates kuelekea 2026

Mwaka 2025 Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates alitwaa tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa Ligi ya Taifa katika besiboli ya Marekani, kwa kura zote 30. Kwa kila awamu tisa alizorusha aliruhusu wastani wa mikimbio (pointi) 1.97 tu. Mshahara wake ulikuwa takriban dola 875,000, katika soko ambalo warushaji wa daraja lake hulipwa zaidi ya dola milioni 30 kwa mwaka. Hata hivyo, kumbukumbu rasmi zinampa mechi kumi za ushindi na kumi za kushindwa, na timu yake ilimaliza msimu mkiani mwa Kanda ya Kati ikiwa imeshinda mechi 71 na kupoteza 91. Kwa maneno mengine, Pirates ilishika mali ghali kuliko zote sokoni kwa bei ya kutupa, na bado ikafunga mwaka kwa hasara. Hoja ya makala haya ni kwamba kitu kinachoipungukia timu hiyo haraka zaidi kuliko fedha ni muda. Imebakiwa na misimu minne ya Skenes, kuanzia 2026 hadi 2029, na usajili wa kipindi cha baridi cha 2025-26 ni wa kwanza kwa miaka mingi kufanywa na uongozi unaoonekana kuitazama kalenda hiyo. Ni usajili sahihi. Lakini ni mdogo, na umechelewa, na thamani yake yote itategemea kama mmiliki atakubali kutoa fedha zaidi katikati ya msimu.

Ili kuelewa kwa nini kalenda ina uzito huo, ni lazima kuelewa namna ajira inavyoendeshwa katika Ligi Kuu ya Besiboli, MLB. Chipukizi hachagui timu: timu ndizo humchagua kwa zamu kila mwaka, na Pirates ilimchukua Skenes akiwa wa kwanza kabisa mwaka 2023, kutoka Chuo Kikuu cha Louisiana State. Baada ya kupanda ligi kuu, mchezaji hutumikia karibu miaka mitatu kwa mshahara ambao timu huupanga yenyewe, mara nyingi juu kidogo ya kima cha chini, ambacho kwa 2026 ni dola 780,000. Inafuata miaka mitatu ya usuluhishi, ambapo mchezaji na timu wasipoelewana kila upande hutaja kiasi chake na jopo huchagua kimojawapo. Baada ya miaka sita anakuwa mchezaji huru. Skenes alicheza mechi yake ya kwanza Mei 2024, na kwa kuwa alishinda tuzo ya mchezaji mpya bora, kanuni zilimhesabia mwaka mzima wa utumishi. Kwa hiyo 2026 ni msimu wake wa mwisho wa bei rahisi. Baada ya hapo gharama itapanda kwa kasi. Januari 2026 Tarik Skubal wa Detroit Tigers, mrushaji anayekaribiana naye kwa ubora na aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho wa usuluhishi, alidai dola milioni 32 huku timu yake ikitaja milioni 19. Huko ndiko bei ya Skenes inakoelekea.

Sasa tuone fursa hiyo ilivyopotea mwaka 2025. Mrushaji wa kuanzisha mechi hupanda kichuguu kila baada ya siku tano au sita. Skenes alianzisha mechi 32 kati ya 162. Hata akirusha bila kasoro, anagusa moja ya tano tu ya msimu, na hata katika mechi hizo hawezi kushinda iwapo wenzake hawafungi. Pirates ilifunga mikimbio 583, chini ya timu nyingine zote 29, wakati wastani wa ligi ulikuwa karibu 720. Ilipiga homurani 117, yaani mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio, na hapo pia ilikuwa ya mwisho. Kocha Derek Shelton alitimuliwa mwezi Mei baada ya ushindi 12 na vipigo 26. Don Kelly alipopokea kijiti, timu ilishinda 59 na kupoteza 65, kasi ambayo kwa msimu mzima ingezaa takriban ushindi 77. Upande wa urushaji haukuwa na tatizo. Ulikuwa miongoni mwa bora kumi katika ligi. Kikosi kilielemea upande mmoja, na mwenye kuona takwimu hizo hakuhitaji utaalamu kujua fedha ziende wapi.

Meneja mkuu Ben Cherington, aliyeshika usukani mwishoni mwa 2019, hatimaye amezipeleka huko. Kwanza alipunguza ziada ili kuziba pengo. Desemba 2025 alimpeleka mrushaji Johan Oviedo kwa Boston Red Sox na kumpata Jhostynxon Garcia, kijana wa uwanja wa nje mwenye nguvu za kupiga. Wiki chache baadaye aliingia katika mabadilishano ya timu tatu: mrushaji Mike Burrows akaenda Houston Astros, na kutoka Tampa Bay Rays wakaja Brandon Lowe, aliyepiga homurani 31 mwaka 2025, pamoja na Jake Mangum na Mason Montgomery. Januari akamsajili mpigaji Ryan O'Hearn kwa miaka miwili na dola milioni 29, mkataba wa kwanza wa zaidi ya mwaka mmoja ambao Cherington amempa mchezaji huru tangu aanze kazi. Kabla ya hapo, vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba Pirates ilimwekea mpigaji Kyle Schwarber zaidi ya dola milioni 100 mezani kwa miaka minne. Yeye akachagua kubaki Philadelphia kwa milioni 150. Timu ambayo mkataba wake mkubwa kuliko yote hadi wakati huo ulikuwa ule wa Bryan Reynolds wa mwaka 2023, wa dola milioni 106.75 kwa miaka minane, haikuwa na desturi ya kubisha mlango wa aina hiyo.

Uchaguzi wa Lowe na O'Hearn unaonyesha kwamba kuna mtu aliyepima kabla ya kukata. Uwanja wa PNC Park, uliofunguliwa 2001 kando ya mto Allegheny, unawanyima haki wapigaji wa mkono wa kulia: ukuta wa katikati-kushoto uko umbali wa takriban mita 125. Upande wa kulia mstari una mita 97 hivi, ingawa ukuta wake ni mrefu, futi 21, kwa heshima ya namba ya jezi ya Roberto Clemente, nyota wa zamani wa timu hiyo. Lowe na O'Hearn wote hupiga kwa mkono wa kushoto, na mipira yao mikali huelekea upande huo mfupi. Kwa timu isiyoweza kununua wapigaji watano, kununua wawili wanaofaa uwanja ambako nusu ya mechi zote zinachezwa ni matumizi ya busara. Udhaifu upo pia, na hauwezi kufichwa. Lowe si mlinzi mzuri wa kituo cha pili, na mkataba wake unakwisha mwishoni mwa 2026. Pirates imenunua msimu mmoja wake kwa kutoa miaka kadhaa ya Burrows. Biashara hiyo ina maana tu ikiwa msimu huo mmoja unachukuliwa kwa uzito.

Watetezi wa mmiliki Bob Nutting watasema soko la Pittsburgh ni dogo. Ni kweli, na tofauti ya kipato ni kubwa mno: Los Angeles Dodgers ilitozwa karibu dola milioni 169 mwaka 2025 kwa kuvuka kikomo cha mishahara, tozo peke yake ikizidi kwa mbali mishahara yote ya Pirates. Lakini MLB haiiachi timu ndogo ijitegemee kwa tiketi na matangazo tu. Kila timu huchangia asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani katika mfuko unaogawanywa sawa, na fedha za televisheni za kitaifa nazo hugawanywa sawa. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kilifungua malalamiko dhidi ya timu nne, Pirates ikiwemo, kuhusu namna zilivyotumia mgao huo. Tena, katika kanda hiyohiyo iko Milwaukee Brewers, yenye soko dogo kuliko la Pittsburgh, ambayo mwaka 2025 ilishinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote. Udogo wa soko unaeleza kwa nini Pirates haiwezi kuwa Dodgers. Hauelezi kwa nini imeshindwa kuwa Brewers.

Pingamizi zito zaidi linatoka hukohuko Milwaukee. Brewers ilimuuza mrushaji wake nyota, Corbin Burnes, kwa Baltimore Orioles Februari 2024, na ikashinda kanda mwaka huo na uliofuata. Kwa nini basi Pirates isimuuze Skenes leo, wakati bei yake iko kileleni, na kuvuna kundi la vijana? Jibu liko katika masharti ya mauzo. Burnes alikuwa amebakiza mwaka mmoja, na aliiacha timu iliyokwisha kukamilika. Skenes amebakiza minne, na angeiacha timu isiyo na sababu ya watu kuja uwanjani. Pirates imekwisha kupita njia hiyo: Januari 2018 ilimpeleka mrushaji Gerrit Cole Houston kwa wachezaji wanne, Cole akaja kusaini na New York Yankees kwa dola milioni 324, na Pittsburgh haijacheza mechi hata moja ya mtoano tangu 2015. Miezi sita baada ya kumtoa Cole, iliwatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz ili kumpata mrushaji Chris Archer, na biashara hiyo ikainufaisha Tampa Bay kwa miaka. Washington Nationals ilimuuza Juan Soto mwaka 2022 kwa vijana wenye vipaji vya kweli, na mwaka 2025 bado ilipoteza mechi 96. Kuuza nyota si mkakati. Hufanikiwa pale tu muuzaji anapojua kukuza alichopokea, na rekodi ya Pirates katika kukuza wapigaji haijengi imani.

Wengine watashauri subira. Konnor Griffin, aliyechaguliwa na Pirates wa tisa mwaka 2024, ametajwa na wachambuzi wengi kuwa chipukizi bora kuliko wote. Mwaka 2025, akiwa na miaka 19, alipiga homurani 21 katika ligi za chini na kuiba vituo 65. Zaidi ya hapo, timu hii imezoea kutafuta vipaji mahali ambapo wengine hawatazami. Ndiyo iliyompa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini nafasi ya kuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, Aprili 2017, na mwaka 2023 ilimsajili David Matoma, mrushaji kijana kutoka Uganda. Kazi hiyo inastahili pongezi, na kwa vijana wa Afrika Mashariki imepanua mlango uliokuwa finyu. Ila chipukizi hapewi tarehe ya kuiva. Ke'Bryan Hayes alipewa dola milioni 70 kwa miaka minane mwaka 2022 akitazamiwa kuwa nguzo. Julai 2025 alishapelekwa Cincinnati. Kumsubiri Griffin huku misimu ya Skenes ikiyoyoma ni kujenga juu ya kitu kimoja kisicho na uhakika kwa kukipoteza kilicho mkononi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kalenda yenyewe huenda ikawa fupi kuliko inavyosomeka. Mkono wa mrushaji anayerusha kwa kasi kubwa hauna dhamana: Jared Jones, kijana aliyetarajiwa kuwa mwenza wa Skenes, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Mei 2025 na kukosa msimu mzima. Na mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na wachezaji unakwisha Desemba 1, 2026. Wamiliki wakifunga milango kama walivyofanya Desemba 2021, na safari hii mvutano ukala mechi za 2027, Pirates itakuwa imepoteza sehemu ya moja ya misimu yake minne bila kurusha mpira. Kwa hiyo 2026, mwaka ambao Skenes bado analipwa kidogo na Lowe bado yupo, una thamani kuliko mwaka wowote unaokuja.

Matarajio ya msimu basi ni yapi? Mwaka 2025 Cincinnati Reds iliingia mtoano kwa ushindi 83 tu. Pirates inahitaji 12 zaidi ya ilioupata. Kanuni inayokubalika katika besiboli ni kwamba kila mikimbio kumi ya ziada huleta takriban ushindi mmoja. Kuziba nusu ya pengo lake na wastani wa ligi kungeipa kama ushindi saba. Wapigaji wapya wanaweza kulifanya hilo wakibaki na afya. Upande mwingine, warushaji wawili wameondoka, na Chicago Cubs imejiimarisha kwa kumsajili Alex Bregman, ingawa St. Louis Cardinals inabomoa kikosi chake. Makadirio ya haki ni ushindi kati ya 78 na 83: timu inayogusa kizingiti bila kukivuka kwa nguvu zake za sasa.

Hapo ndipo mmiliki anapoingia. Ushindi mmoja kwa timu inayoshinda 65 hauna thamani ya kibiashara, na mmoja kwa inayoshinda 95 huongeza kidogo. Kwa timu iliyo kati ya 80 na 85, ushindi mmoja au miwili ndiyo tofauti ya kuwa na mapato ya mtoano na mashabiki wanaonunua tiketi za mwaka unaofuata, au kukosa vyote. Pirates imejisogeza hadi eneo ambalo kila dola ya ziada hufanya kazi kubwa kuliko popote, kisha imesimama. Zikifika siku za mwisho za kubadilishana wachezaji katikati ya msimu, timu ikiwa karibu na nafasi ya mtoano, Nutting anapaswa kununua mpigaji mwingine hata kama itambidi aubebe mkataba wa mtu mwingine wenye miaka miwili ya deni. Asipofanya hivyo, usajili wa baridi hiyo utakuwa gharama iliyotolewa nusu, na gharama ya namna hiyo hupotea yote.