Mkimbiaji Asiyetaka Kukimbia

Leo twataka kusema juu ya karatasi ambayo siku hizi hufika makanisani mwetu mara kwa mara. Ni karatasi ya kujiandikisha katika mbio za hisani. Juu imeandikwa kazi itakayofanywa kwa fedha hizo: kutibu macho, kusomesha yatima, kununua vitanda vya kujifungulia. Chini pana mistari ya kuandika majina. Karatasi hiyo ikianza kupitishwa katika viti, vijana wa kwaya huandika upesi. Lakini sisi tuliopita miaka arobaini, ambao magoti hutulia hata tunapoyapiga kuomba, hutafuta miwani, hatuioni, na karatasi huenda kwa jirani kana kwamba ina moto.

Tena tuna sababu zetu. Hapa Kwa Vonza jua la mwezi wa pili halina mchezo. Halafu kuna heshima. Mzee akionekana akikimbia kando ya barabara ya Machakos kwenda Kitui, watu hutoka madukani kuuliza ni msiba wa nani. Na zaidi ya hayo Ukambani ina wakimbiaji wake. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni huko Newcastle, Uingereza, mwaka 1992. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau alivunja rekodi ya dunia kule Berlin mwaka 2011. Basi kazi hiyo, twasema, tumewaachia wao.

Lakini Bwana Yesu alisimulia habari za baba mwenye wana wawili, katika Mathayo 21. Mmoja alikataa kwenda shambani, kisha akageuza moyo akaenda. Wa pili aliitika vizuri, asiende. Mazungumzo yetu ya leo ni kwa ajili ya yule wa kwanza. Wa pili tunamjua. Jina lake limo katika karatasi nyingi.

Mwaka 2014 nchi yetu ilipata mfano wa jambo hili. Bi. Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa Rais wakati huo, alisomea ualimu, hakuwa mwanariadha. Mwanzoni mwa mwaka huo alianzisha kampeni iitwayo Beyond Zero, ya kupunguza vifo vya akina mama na watoto wachanga. Lengo lilikuwa kununua magari yaliyotengenezwa kuwa kliniki, moja kwa kila kaunti kati ya kaunti 47. Tarehe 9 Machi alikimbia nusu marathoni mjini Nairobi pamoja na maelfu ya watu. Tarehe 13 Aprili, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 50, alikimbia marathoni nzima ya London.

Alichukua saa 7 na dakika 4. Siku ile ile, katika njia ile ile, Mkenya mwenzake Wilson Kipsang alishinda kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 29. Hebu fikirini: Kipsang alipokuwa amekwisha kuvaa nishani na kupumzika, mama huyu alikuwa bado na saa tano za kwenda. Wako waliocheka. Lakini kliniki zile hazikununuliwa kwa upesi wa miguu. Zilinunuliwa kwa sababu watu walimwona mtu asiyelazimika kuteseka akiteseka, nao wakaona haya kubaki na fedha zao mfukoni.

Na haja yenyewe ilikuwa kubwa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2008 hadi 2009 ulikadiria kwamba katika Kenya akina mama 488 walikuwa wakifa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa 2014 ulitoa hesabu ya 362. Sisi wachungaji hatuhitaji sana hesabu hizo, maana tumezika. Katika vijiji vilivyo mbali na lami, mama akishikwa na uchungu usiku, mume huanza kupiga simu kutafuta pikipiki. Kama mvua imenyesha na kijito kimejaa, pikipiki haivuki. Mama anayetoka damu hana saa saba za kungoja.

Sasa mtu mwenye busara atauliza: kama haja ni fedha, kwa nini mtu asitoe fedha zake tu, akae nyumbani? Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa kusema eti mazoezi ni mazuri. Jibu ni kwamba kukimbia ni njia ya kuomba. Sisi Wakenya tumechoka kuombwa. Kadi ya harambee ikija nyumbani mara ya tatu katika mwezi mmoja, hata Mkristo mwema huificha chini ya kitambaa cha meza. Lakini anayekuja na kadi huku anachechemea kwa ajili ya mazoezi, huyo amekwisha kutoa sehemu yake kwanza. Wataalamu wawili, Christopher Olivola na Eldar Shafir, waliandika mwaka 2013 juu ya jambo hili. Walionyesha kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi kwa ajili ya hisani pale kutoa kunapoandamana na taabu na jasho kuliko pale kunapokuwa rahisi. Mwethya wa akina mama wa Ukambani, wanaobeba mawe pamoja kujenga matuta na mabwawa, wangeweza kuwaambia hayo zamani. Nani amewahi kumnyima maji mtu aliyemwona akibeba jiwe?

Tena kuna jambo katika Maandiko ambalo tulilipita mara nyingi bila kuliona. Mtume Paulo aliandika juu ya wakimbiaji kwa kanisa la Korintho, katika waraka wa kwanza, sura ya 9. Karibu na mji huo ilifanyika michezo mikubwa ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu. Wakorintho hawakuhitaji kuelezwa maana ya kujizuia kwa ajili ya taji la majani litakalonyauka. Lakini funueni sura ya 16 ya waraka uo huo. Paulo anakusanya fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, naye anawapa Wakorintho utaratibu: siku ya kwanza ya kila juma, kila mtu aweke kitu kidogo kando kwa kadiri alivyofanikiwa, ili pasiwe na haraka atakapofika. Huo ni utaratibu wa mazoezi kabisa! Kidogo, kila juma, kwa kadiri ya nguvu zako, kabla ya siku yenyewe. Na katika waraka wa pili, sura ya 8, twaona kwamba walianza vizuri mwaka uliotangulia, kisha wakalegea, ikabidi Paulo awahimize wamalize walichokianza.

Basi tuje kwenye mwili. Mtu ambaye hajakimbia tangu shule ya msingi afanyeje? Aende kwanza kituo cha afya, apimwe shinikizo la damu na sukari. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu asianze mpaka daktari amruhusu. Wala asianze na marathoni nzima, hata akisukumwa na kamati. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, kipimo kilichotokana na Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908, na kwa anayeanza bila chochote huhitaji matayarisho ya nusu mwaka au zaidi. Kwa maoni yetu kilomita 10 zatosha mwaka wa kwanza, na 21 kwa mwenye bidii.

Aanze kwa kutembea. Juma la kwanza atembee dakika nne, akimbie dakika moja, atembee nne tena, mpaka nusu saa iishe. Afanye hivyo siku tatu katika juma, zisizofuatana. Atajiona kama anacheza. Lakini kila juma dakika za kukimbia ziongezeke kidogo na za kutembea zipungue. Mwendo ufaao ni ule ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake. Sisi tuna kipimo chetu: ukishindwa kusema Sala ya Bwana kwa sauti bila kukata pumzi katikati ya neno, punguza mwendo.

Hapa pana siri ambayo wanaoanza hawaijui, na huwaumiza wengi. Moyo na mapafu hujifunza upesi, katika majuma machache. Mifupa na kano huchukua miezi. Kwa hiyo juma la tano mtu hujisikia ana nguvu za Samsoni, huongeza kilomita maradufu, na juma la sita mfupa wa ugoko unamuuma hata akipanda ngazi ya mimbari. Makocha wana kanuni ya zamani ya kutoongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa juma. Si sheria ya Musa, lakini imewaokoa wengi. Siku ya kupumzika nayo ni sehemu ya kazi, maana misuli hujengwa wakati huo. Jambo hili sisi tunaohubiri habari za Sabato tungepaswa kulielewa kwanza.

Siku moja katika juma, tuseme Jumamosi, iwe ya mwendo mrefu na wa polepole. Anayetaka kilomita 21 afike 16 au 18 kabla ya siku yenyewe. Atoke kabla ya jua. Kwa Vonza saa kumi na mbili asubuhi ni mahali pengine kabisa na Kwa Vonza saa nne. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya waliotoka nchi za baridi watawaambia. Barabarani akimbie upande wa kulia, ayaone magari yanayomjia. Akina dada waende wawili au watatu. Mchanga wa kijito kikavu unavutia macho, lakini ni mzito kwa kano za kisigino. Uachwe mpaka miguu izoee. Raba za mitumba zafaa kama nyayo hazijaisha. Kununua viatu vya maelfu ya shilingi ili kuchangisha mamia ni hesabu mbaya.

Chakula chetu kinafaa. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, na kwa watu wengi akiba hiyo huelekea kuisha karibu na kilomita ya 30. Ndipo miguu inakuwa mawe. Hivyo jioni ya kuamkia mbio ndefu ni jioni ya muthokoi, ugali au viazi vitamu, na njiani ndizi. Maji yanywewe kwa kiu. Wako wanaodhani kwamba maji mengi hayawezi kudhuru, lakini anayekunywa kupita kiasi kwa saa nyingi hupunguza chumvi ya damu yake, na watu wamekufa kwa hilo.

Na wale akina mama wanaosema hawawezi? Mama anayekwenda mtoni na kurudi na mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba ikimvuta kichwa, amekwisha kufanya nusu ya mazoezi. Anachokosa ni muda. Hapo waume mna kazi: Jumamosi mmoja akikimbia, mwingine achote maji.

Mwisho tutaje fedha, maana mbio nyingi za hisani huanguka hapo, baada ya miguu kupona. Ahadi ya shilingi 20 kwa kila kilomita yaonekana ndogo. Kwa kilomita 21 ni shilingi 420, na watu 30 wakiahidi hivyo ni shilingi 12,600. Itolewe nauli na ada ya kujiandikisha, na itangazwe waziwazi kwamba imetolewa. Paulo alipopeleka mchango ule hakuenda na mfuko peke yake. Alituma ndugu wanaoaminika pamoja na Tito, asije akalaumiwa. Basi fedha zipokewe na watu wawili, stakabadhi ziandikwe hata kwa zilizokuja kwa M-Pesa, na hesabu isomwe mbele ya kanisa, pamoja na jina la zahanati iliyopokea na kitu kilichonunuliwa. Aliyeishia kilomita ya 15 adai za kilomita 15, wala asione haya. Na aliyemwahidi akitaka kulipa zote 21, hiyo ni neema yake.

Ahadi zote zikusanywe kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Mvua hizo ndizo tegemeo la mashamba yetu Ukambani, na zikianza, hakuna atakayepatikana nyumbani.