Ripoti ya Maendeleo ya Kazi ya Kikundi: Jinsi ya Kuiandaa na Kuiwasilisha



Tangu mwaka 2010, mpango wa Wajesuiti wa elimu ya juu kwa njia ya intaneti ulipoanza Dzaleka, wakimbizi wengi wamesoma hapa kambini bila kusafiri kwenda chuo. Masomo ya aina hii mara nyingi huambatana na kazi ya vikundi katika jamii. Kikundi kinachochagua afya hushughulikia maji, vyoo au unawaji wa mikono. Kazi ikifika katikati, mwalimu na wahudumu wa afya huomba ripoti ya maendeleo. Makala hii inaeleza jinsi ya kuiandaa na kuiwasilisha.

RIPOTI YA MAENDELEO NI NINI?

Mpango wa kazi husema tutafanya nini. Ripoti ya mwisho husema tulifanya nini. Ripoti ya maendeleo husema tumefika wapi, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Kwa hiyo si hotuba ya shukrani wala mahali pa kujisifu. Kasoro ikiandikwa leo inaweza kurekebishwa. Ikifichwa hadi mwisho, kazi imekwisha na kasoro imebaki.

KWA NINI NI MUHIMU HAPA KWETU?

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya watu 50,000. Penye msongamano kama huo, bomba moja lililoharibika huwagusa watu wengi.

Mnamo Machi 2022 Malawi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, ulioanzia wilaya ya Machinga. Mlipuko huo ulikuwa mkubwa kuliko yote katika historia ya nchi: hadi katikati ya mwaka 2023, watu zaidi ya 58,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 1,700 walikuwa wamefariki. Mhudumu wa afya anayesoma ripoti yenu huitumia kuamua sabuni ipelekwe wapi na fundi aende bomba lipi. Mkiandika kwamba bomba linafanya kazi wakati limekufa, fundi atakwenda kwingine.

SEHEMU TANO ZA RIPOTI

1. Lengo: tulitaka kubadilisha nini, mtaa gani, kwa muda gani.
2. Tulichopanga na tulichofanya, vikiwekwa pamoja.
3. Tulichokuta: hesabu, si maoni.
4. Kilichokwama, na sababu yake.
5. Hatua zinazofuata: nani atafanya nini, na lini.

Kurasa mbili au tatu zinatosha.

MFANO

Tuseme kikundi chenu kiliahidi kutembelea nyumba 60 na kuweka kibuyu chirizi katika kila nyumba, yaani dumu dogo lenye tundu, linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti ili mtu anawe bila kulishika. Wiki nne zimepita.

Ripoti dhaifu itasema: "Kazi inaendelea vizuri na jamii imehamasika." Msomaji hawezi kufanya lolote na maneno hayo.

Ripoti nzuri itasema: "Kati ya nyumba 60, tumefika 40 na kuweka vibuyu 28. Tulirudi kukagua bila kutoa taarifa. Vibuyu 15 vilikuwa na maji. Vibuyu 9 tu vilikuwa na maji na sabuni."

Namba muhimu kuliko zote hapo ni 9, ingawa ndiyo ndogo kuliko zote. Vibuyu 28 vinaonyesha bidii ya kikundi. Vile 9 vinaonyesha ni nyumba ngapi ambako mtu akitoka chooni anaweza kunawa vizuri.

Kisha elezeni sababu. Huenda wenye nyumba wanaingiza sabuni ndani wakiogopa wizi. Basi hatua inayofuata si kuwahubiria tena faida za kunawa, maana faida wanazijua. Jaribuni kufunga kipande cha sabuni kwenye wavu na kukining'iniza, au kuweka chupa ya maji yaliyochanganywa na sabuni ya unga. Nyumba zisizo na maji zina tatizo lingine. Huko ulizeni umbali wa bomba na urefu wa foleni.

LINGANISHENI NA VIWANGO

Namba peke yake haisemi kama hali ni nzuri au mbaya. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada duniani, una viwango hivi:

- Maji: angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku.
- Bomba moja la maji ya mserereko: watu wasiozidi 250.
- Umbali hadi kwenye maji: usizidi mita 500.
- Foleni: isizidi dakika 30.
- Choo cha pamoja kimoja: watu wasiozidi 20.
- Klorini inayobaki kwenye maji bombani: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.

Mkiandika "watu wanasubiri saa moja na nusu, kiwango ni dakika 30", msomaji anaelewa mara moja.

GAWANENI KAZI

Mmoja aandike, mmoja atunze hesabu, mmoja aseme siku ya kuwasilisha. Mwingine ambaye hakuhesabu arudie nyumba chache kuhakikisha. Andikeni kwenye daftari siku ileile, si baada ya wiki. Anayejua Kirundi, Kinyarwanda au Kisomali aende kwenye nyumba zinazosema lugha hiyo. Mtu akiulizwa kwa lugha asiyoielewa vizuri, mara nyingi hujibu "ndiyo" tu.

TUNZENI SIRI

Msiandike jina la mgonjwa wala namba ya nyumba yake. Tajeni mtaa tu. Msipige picha ya mtu bila ruhusa yake, na kwa mtoto ombeni ruhusa ya mzazi au mlezi. Picha ya bomba bovu inatosha.

SIKU YA KUWASILISHA

Mkipewa dakika 10, tumieni 2 kwa lengo, 3 kwa mlichokuta, 3 kwa kilichokwama na 2 kwa hatua zinazofuata. Andikeni namba kuu kwenye karatasi kubwa ya ukutani, maana umeme ukikatika kompyuta haitawasaidia. Kama wasikilizaji hawaelewi Kiswahili, tafuteni mkalimani wa Kichewa au Kiingereza, na mpeni namba zote mapema.

Mkialikwa kuwasilisha Lilongwe, kwa mfano katika ofisi ya Area 47, kumbukeni kwamba mko zaidi ya kilomita 40 kutoka kambini. Shughulikieni kibali na nauli mapema. Wasikilizaji wa mjini huenda hawajawahi kuona foleni ya bombani kwenu, kwa hiyo anzeni kwa kuwaeleza mahali penyewe.

Mkiulizwa msilolijua, msibuni namba. Semeni: "Hatujapima. Tutapima na kuleta jibu Ijumaa." Kisha lileteni.

Baada ya hapo, rudini kwenye nyumba mlizozitembelea mkawaeleze wenyeji mlichokuta. Wao ndio waliojibu maswali yenu, na wao ndio wanaoweza kusahihisha hesabu zenu.

JAMBO LISILONGOJA RIPOTI

Katika matembezi yenu mkimkuta mtu anayeharisha majimaji mfululizo, msimweke kwenye jedwali mkaondoka. Mpeni maji ya ORS na mfikisheni kituo cha afya wakati huohuo. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache. Wajulisheni pia wahudumu wa afya mtaa alikotoka, siku hiyohiyo.

KABLA YA KUKABIDHI, JIULIZENI

- Je, kila namba ina mtu aliyeihesabu kwa macho yake?
- Je, tumeandika kilichokwama?
- Je, kila hatua ina jina la mhusika na tarehe?
- Je, mhudumu wa afya akisoma, atajua aanzie wapi kesho asubuhi?

Jibu likiwa "ndiyo" kwa maswali yote manne, ripoti yenu iko tayari.