Muuguzi na Mgonjwa Mahututi

Mwezi wa Agosti mwaka 1952, mji wa Copenhagen katika nchi ya Denmark ulipofikwa na maradhi ya polio kwa ukali usiopata kuonekana huko, hospitali ya Blegdam ilijaa wagonjwa ambao misuli yao ya kupumulia na kumezea ilikwisha kulegea, na katika majuma ya mwanzo aghalabu yao walikufa. Ndipo Daktari Bjørn Ibsen, bingwa wa dawa za usingizi, aliposhauri kwamba mgonjwa atobolewe koo, atiwe mpira, kisha apulizwe hewa kwa mfuko wa raba unaobanwa kwa mkono; na kwa kuwa mashine hazikutosheleza hata sehemu ndogo ya haja iliyokuwapo, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaitwa, wakaketi kwa zamu kandoni mwa vitanda, usiku na mchana, wakibana mifuko hiyo pumzi baada ya pumzi. Vifo, vilivyokuwa zaidi ya asilimia 80, vikashuka hata karibu na asilimia 40, na baadaye vikapungua tena. Mwezi wa Desemba 1953 Ibsen akafungua katika mji uo huo chumba ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza duniani cha wagonjwa mahututi.

Nimetanguliza habari hii kwa kuwa wengi wetu, tukitajiwa chumba hicho, hukumbuka mashine zinazolia na taa zisizozimwa, ilhali asili yake ni watu waliokubali kukaa na mgonjwa mmoja bila kumwacha. Kazi hiyo ya kukaa naye leo ni ya muuguzi.

Mwaka 1979 Bibi Jean Watson, mwalimu wa uuguzi huko Marekani, alitoa kitabu akieleza kwamba shufaka na imani baina ya muuguzi na mgonjwa ni elimu inayostahili kufunzwa kama zinavyofunzwa dawa na vipimo. Miaka michache baadaye Patricia Larson, naye wa Marekani, aliwauliza wagonjwa wa saratani ni tendo gani la muuguzi linalowafanya wajione kuwa wanatunzwa, nao wakatanguliza ujuzi wa kupiga sindano na kuendesha vyombo. Wauguzi walipoulizwa swali lilo hilo, walitanguliza kumsikiliza mgonjwa. Kwa rai yangu pande hizo mbili hazikuhitilafiana, maana mtu asiyeweza hata kugeuza shingo huitambua huruma ya mwenziwe kwanza katika uhodari wa mikono yake.

Tazama kazi yenyewe. Mgonjwa mwenye mpira kooni hawezi kusema, wala kukohoa na kumeza sawasawa. Kwa hiyo makohozi yake hufyonzwa, kinywa chake husafishwa, kichwa cha kitanda huinuliwa ili yaliyomo tumboni yasipande yakaingia mapafuni, mwili hugeuzwa kila baada ya saa chache usichimbike vidonda, na macho yasiyofumba hutiwa dawa yasikauke. Mambo haya yakifanywa vyema hakuna ayaonaye. Yakipuuzwa, homa ya mapafu huingia, na mtu aliyekuwa akielekea kupona hurudi nyuma.

Katika jimbo la Michigan, huko Marekani, Daktari Peter Pronovost na wenzake waliviwekea vyumba vya mahututi zaidi ya mia moja taratibu chache za kutia mipira katika mishipa mikubwa ya damu: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa dawa, kumfunika mgonjwa, kuepuka mshipa wa kinena, na kuuondoa mpira usiohitajika. Jambo la maana zaidi, muuguzi alipewa idhini ya kumsimamisha daktari yeyote aliyeruka utaratibu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba ndani ya miezi mitatu kipimo cha kati cha maambukizi ya damu kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mpira hata kufikia sifuri. Kumtetea asiyeweza kujitetea, hata mbele ya mkubwa wa kazi, nakuhesabu kuwa huruma iliyokamilika.

Kisha kuna mambo ya nafsi. Wengi wa wagonjwa hawa huchanganyikiwa, wasijue mchana wala usiku, wakaona vitisho visivyokuwapo, na wengine huondoka hospitali na vitisho hivyo vikiwafuata miezi mingi. Wauguzi wa nchi za Skandinavia walianzisha desturi ya kumwandikia mgonjwa daftari la siku alizokuwa hajifahamu, wakimweleza kwa maneno mepesi yaliyompata na nani walikuja kumwona. Desturi hiyo ilipopimwa katika nchi sita za Ulaya, na habari zake zikachapishwa mwaka 2010, waliopatwa na maradhi ya hofu baada ya kupona walikuwa asilimia 5 miongoni mwa waliopewa daftari mapema, na asilimia 13 miongoni mwa waliokosa.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya nchi tajiri peke yake. Dar es Salaam, katika chumba cha mahututi, palipowekwa utaratibu wa kupima pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na wauguzi wakafunzwa kutenda mara waonapo dalili ya hatari, vifo vya walioingia na shinikizo lililoshuka mno vilipungua kutoka asilimia 92 hadi 69. Vifo vya wagonjwa wote kwa jumla havikubadilika. Hata hivyo kwa waliookoka tofauti hiyo ni uhai wenyewe.

Lakini macho ya mtu mmoja yana mipaka. Uchunguzi wa Linda Aiken katika hospitali za jimbo la Pennsylvania, huko huko Marekani, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi wa wodi za upasuaji huambatana na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Kwa hiyo ni dhuluma kumlaumu muuguzi kwa ukavu wa maneno yake ilhali amekabidhiwa vitanda visivyolingana na nguvu za binadamu.

Nawe msomaji, ndugu yako akilazwa humo, mwambie muuguzi jina analopenda kuitwa na lugha aliyokulia. Mpelekee miwani yake na chombo chake cha kusikilizia, kama anavyo. Nawa mikono kabla ya kumgusa, kisha sema naye, ujapomwona amelala. Na wenye mamlaka ya kuajiri, waajiri wauguzi kabla ya kununua kitanda kingine.